Tobia Alipohamia Kumsenga

Vijana wangu, kabla hamjanionyesha tena hizo Biblia zenu za kwenye simu, nionyesheni kwanza ukingo wake. Hakuna. Simu haina ukingo, na hiyo ndiyo sababu ya kweli ya mimi kustaafu, ingawa wanangu huwaambia watu kwamba ni macho.

Ukingo ni pale pembeni, kurasa zote zinapokutana kitabu kikifungwa. Mtu akisoma, kidole chake huacha alama kidogo, kesho tena kidogo, na baada ya miaka kitabu kinakuwa na mistari kama punda milia. Sisi mafundi tunaisoma hiyo mistari kabla ya kusoma neno lolote. Nimeshika Biblia za Kibondo, za Kasulu, za huko Munanila mpakani, na nawaambieni, Zaburi ni nyeusi kila mahali, na Walawi ni nyeupe kama siku ilipotoka dukani, hata kwa watu ambao siwezi kuwataja kwa kuwa bado wanahubiri. Mzee mmoja wa Munanila, mseja, aliniletea Biblia iliyokuwa safi ukingo wote isipokuwa Wimbo Ulio Bora. Mwaka uliofuata alioa.

Kazi hii ya kujalidi, yaani kushona vitabu na kuvivika jalada, nilifundishwa na Mzee Rajabu, pale karibu na soko la Kibondo. Babu yake alitoka Pangani na mzigo wa nguo, akafika huku juu, akaona baridi, akakaa. Mzee Rajabu alishona misahafu ya Waislamu wenzake, alishona Biblia, alishona vitabu vya nyimbo, na vyote alivishona kwa uzi uleule alioupitisha kwenye nta. Gundi yetu ilikuwa uji mzito wa unga wa muhogo. Ukiupika, tia pilipili ya unga kidogo, maana mende hachagui dhehebu, anakula kila kitabu chenye muhogo mgongoni.

Alikuwa na amri mbili. Ya kwanza: fundi hasomi. Fundi akianza kusoma, gundi inakauka. Ya pili: usifumue vitabu viwili juu ya meza moja. Ya kwanza aliishika maisha yake yote. Ya pili aliivunja mara moja tu, na kama asingeivunja, sijui leo ningekuwa mke wa nani.

Maana nilikuwa na mchumba. Deogratias, Deo, alikuwa mwalimu wa historia katika sekondari moja ya Kasulu. Aliwahi kukaa seminari, akaona upadri si wito wake, nami sijaacha kumshukuru Mungu kwa kumfumbua macho mapema. Mara ya kwanza alileta ramani iliyochanika. Mara ya pili kamusi. Mara ya tatu kamusi nyingine, na safari hii Mzee Rajabu aliiinua, akaitazama ile michaniko kwenye mwanga wa mlango, akasema, "Binti, huyu kijana anachana vitabu kwa rula."

Nami nikishona, Deo alikaa kwenye kigoda akinisimulia. Ndiye aliyeniambia kwamba Wakristo wa kwanza hawakuwa na kitabu kimoja cha kubeba kwapani. Maandiko ya Wayahudi yalikuwa magombo, kila gombo kivyake. Barua za Paulo zilifika kwenye kanisa moja, zikanakiliwa kwa mkono, nakala ikapelekwa mji wa pili, na huko wakanakili tena. Kila mji ukawa na rundo lake. Kuna waliosoma Ufunuo na kuna waliouogopa. Kuna waliosoma barua ambazo leo humo hazimo kabisa. Halafu akaniambia jambo lililonifanya niweke sindano chini: kwamba wakati wengi walikuwa bado wanaviringisha magombo, Wakristo walipenda mapema sana kukunja karatasi za mafunjo na kuzishona katikati, fungu moja la kurasa baada ya jingine, kama ninavyofanya mimi. Kumbe wale walikuwa wenzangu wa kazi. Nilifurahi kana kwamba nimesikia habari za ndugu waliopotea.

Walibishana miaka mingi, Deo alisema, mpaka vile vitabu ishirini na saba vya Agano Jipya vikatulia. Ugomvi uliobaki ni wa Agano la Kale. Wayahudi waliosoma Kigiriki walikuwa na vitabu kadhaa ambavyo waliosoma Kiebrania hawakuvihesabu mwishowe. Wakatoliki wakabaki navyo. Waprotestanti wakaviweka kando, kwanza katikati ya maagano mawili, baadaye wengi wao wakaviacha nje kabisa. Wasichana wenzangu walitongozwa kwa soda na picha za studio. Mimi nilitongozwa kwa historia ya kanisa, na nilikolea.

Sasa shida ilikuwa hiyohiyo historia. Baba yangu alikuwa mchungaji wa Kipentekoste kule Kumsenga. Alivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, akakulia hapa, akapata uraia, akapata shamba la maharage na kanisa la bati. Baba yake Deo, Mzee Gervas, alikuwa katekista Kasulu, mtu wa kuwafundisha wachumba na kuwazika wazee. Tulipotoa habari zetu, Baba aliniambia, "Neema, kwenye nyumba yenye Biblia iliyoongezwa hutaingia kama mke." Kasulu nako Mzee Gervas akamwambia mwanawe, "Nyumba yenye Biblia iliyokatwa hutaoa." Hawakuwahi hata kuonana, lakini walikubaliana vizuri sana. Mwaka ukapita. Nililia kazini mpaka gundi ikawa nyepesi.

Basi ikatokea wiki moja ambayo Biblia zote mbili zilikuwa kwetu. Ya Mzee Gervas aliileta Deo, na safari hii ilikuwa imechakaa kweli, bila rula. Ya Baba niliileta mwenyewe, mgongo umevunjika kwa kupigwa juu ya mimbari. Zilikuwa tafsiri moja, karatasi moja, herufi moja. Tofauti ilikuwa kwamba ya Mzee Gervas ilikuwa na fungu la ziada katikati, baina ya Malaki na Mathayo, lenye namba zake za kurasa. Mzee Rajabu akanituma Kasulu kununua uzi na kitambaa cha kaki. Niliporudi, Biblia zote mbili zilikuwa zimeshashonwa na kubanwa kwenye mbao, jiwe juu yake, kwa sababu wenyewe walizitaka kabla ya Jumapili. Alikuwa amezifumua zote juu ya meza moja. Mimi sikujua. Nilichukua ya Baba, nikaifunga kwenye kitenge, nikaenda nayo Kumsenga.

Hapa shikeni kitu cha ufundi. Kitabu kilichotoka kushonwa lazima kizoezwe. Fungua kurasa chache za mwanzo, bonyeza. Chache za mwisho, bonyeza. Endelea hivyo huku na huku mpaka pande mbili zikutane katikati. Usipokizoeza, kitakuwa na mahali pamoja tu panapofunguka chenyewe, nako ni pale ambapo fungu halijazoeana na wenzake. Mzee Rajabu wiki ile hakuwa na muda wa kuzoeza.

Na kanisa la Baba lilikuwa na desturi yake. Biblia ya mimbarani ikirudi kutoka kwa fundi, Jumapili ya kwanza mchungaji hachagui somo. Anaomba, anaiweka imefungwa mbele ya watu, anaiachia ifunguke, na panapofunguka ndipo pa kusoma. Wazee walisema imetoka safari, iachwe iseme ilichokiona.

Ikafunguka karibu na mwisho wa manabii. Nilikuwa nimekaa upande wa kina mama, nikamwona Baba anausogeza ukurasa karibu, kisha mbali. Baadaye alituambia alidhani amekutana na mmoja wa wale manabii wadogo. Kati ya Obadia na Hagai kuna nyumba ambazo hata wachungaji hupita bila kubisha hodi. Na mtu mzima mbele ya waumini wake hawezi kusema hamjui nabii. Akakohoa, akasoma.

Akasoma habari za mzee aliyepofuka, anayemtuma mwanawe Tobia safari ya mbali. Tobia anatafuta mtu wa kufuatana naye, anampata kijana mwema ambaye kumbe ni malaika, na hakuna anayejua. Wanatoka. Na mbwa anawafuata. Kanisa likacheka kwa furaha, kwa maana hawakuwahi kusikia mbwa anayeachwa afuate tu katika Maandiko. Mimi sikucheka. Habari hiyo niliijua. Deo alinisimulia wakati wa kamusi ya pili.

Baba akaendelea. Njia ikawafikisha nyumbani kwa msichana Sara, ambaye ameolewa na wanaume saba, na kila mmoja amekufa usiku wa harusi.

Mama Ester, mzee wa kanisa aliyekaa mbele siku zote, alishindwa kuvumilia. "Saba, Mchungaji?"

"Saba."

"Na huyu naye anataka kuoa?"

"Ego," Baba akasema, maana akikolea hujibu kwa Kiha. "Anataka."

Nilikuwa nimeuma ncha ya kitenge changu. Baba akasoma jinsi Tobia alivyooa, jinsi bibi na bwana harusi walivyoingia chumbani, na jinsi baba mkwe alivyoamka usiku uleule, akawaita watumishi wake, wakachimba kaburi, ili kijana akifa azikwe kabla majirani hawajajua. Kaburi likaisha kuchimbwa. Na hapo mvua ikashuka juu ya bati. Ninyi mnaijua mvua yetu ya huku. Baba alipaza sauti, sisi tukaona midomo tu. Mama Ester alisogea mpaka chini ya mimbari, mkono sikioni, wapi. Ibada ikafungwa kwa wimbo ambao kila mtu aliuimba peke yake.

Wiki hiyo Kumsenga watu hawakulima vizuri. Kisimani, shambani, swali ni moja: yule kijana amekufa au hakufa? Mama Ester alimfuata Baba hadi kwenye maharage yake, Baba akamwambia, "Jumapili."

Kule Kasulu Mzee Gervas aliketi na wachumba wawili, akataka kuwasomea ile sala ya Tobia na Sara kama alivyowasomea wachumba wote tangu ujana wake. Akafunua, Malaki, akafunua, Mathayo. Akarudi nyuma. Akatikisa. Siku ya gulio alipanda basi la Kibondo, akaingia kwenye kiduka chetu bila hata salamu, akasema, "Mmenikata."

Ndani tayari alikuwamo Baba, amefika nusu saa kabla, Biblia yake kwenye kitenge. Yeye alikuwa ameanza kwa kusema, "Mzee Rajabu, kuna wageni ndani ya Biblia yangu." Basi wakatazamana, mtu aliyeongezwa na mtu aliyekatwa, wakatambuana bila kutajiana majina. Mimi nilijikunja nyuma ya marobota ya kaki.

Mzee Rajabu akawapa vigoda, akawasalimu upya kwa utulivu, akasema, "Ajali haina kinga, wazee wangu. Mimi nilikuwa nashona, sikuwa nasoma. Leteni vyote viwili nivifumue. Kabla ya alasiri kila mtu atakuwa na chake."

Mzee Gervas akaiweka yake mezani. Baba hakuweka. Aliikumbatia.

"Jumapili," akasema.

"Jumapili gani?" akauliza Mzee Gervas.

"Waumini wangu wanangoja. Niliwaacha na kaburi wazi. Mchungaji gani anawaacha watu na kaburi wazi?"

"Lakini si wewe uliyesema kitabu hicho ni cha kuongezwa?"

"Ni cha kuongezwa. Ila nimeshakianza." Kisha, kwa sauti ya chini kidogo, "Katekista, yule kijana anakufa?"

Mzee Gervas akanyoosha koti lake. Nilimwona anavyoionja nafasi ile. "Najua," akasema. "Wala sikuambii."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, nilicheka mpaka robota moja la kaki likaanguka, na wote watatu wakageuka kunitazama. Baba akajaribu kukunja uso, akashindwa. Mzee Rajabu ndiye aliyetukomboa. Alimwomba Baba ile Biblia, akafuta miwani kwa kanzu, akaugeuza ukingo kwenye mwanga wa mlango kama alivyokuwa akifanya siku zote, akautazama kwa muda. Halafu akairudisha mikononi mwa Baba.

"Katekista," akasema, "mwachie Jumapili moja."

Mzee Gervas akakubali kwa sharti: atakuja mwenyewe Kumsenga kusikiliza, kitabu chake kisije kikasomwa nusu.

"Njoo," Baba akasema. "Na huyo mwanao mwalimu uje naye. Asije akafundisha watoto wa shule kwamba tulificha kitu."

Jumapili ile kanisa lilijaa hadi madirishani. Walikuwepo Waanglikana, walikuwepo wenye maduka waliodai wanapita tu. Mzee Gervas alikaa mstari wa kwanza, rozari imechungulia mfukoni, na pembeni yake Deo, amevaa shati ambalo nilijua amelipiga pasi mwenyewe kwa jinsi lilivyoungua kola. Anga lilikuwa jeupe. Baba akasimama, akasema wazi kwamba kitabu hiki kanisa lake halikihesabu miongoni mwa Maandiko, na kwamba hilo halijabadilika. "Lakini nilikianza," akasema, "na mwenye kitabu yuko hapa."

Akasoma. Mtumishi wa kike akatumwa na taa achungulie chumbani. Akachungulia. Akawakuta wawili wamelala fofofo, wazima. Mama Ester akapiga kigelegele kilichowaamsha watoto wote, na kina mama wakampokea, na Baba akangoja. Kisha akasoma jinsi baba mkwe alivyowaamuru watumishi wakalifukie lile kaburi kabla hakujapambazuka.

Hapo akavua miwani. Akatazama juu kwenye bati, nikadhani ameona mvua.

"Mimi nina binti," akasema. "Kijana amekuja kwangu kwa heshima, na mimi mwaka mzima nimekuwa nikimchimbia kaburi. Sikumpa hata nafasi ya kuonekana kama atapona." Akaishika mimbari.

Mzee Gervas akainuka, mzito, kofia mkononi. "Mchungaji, usijisingizie kazi yote," akasema. "Mimi nilikuwa nimeshika jembe upande wa pili."

Sijui nani alianza kucheka na nani alianza kulia. Najua mimi nilifanya vyote, na Deo alikuwa akitazama viatu vyake, mabega yanatikisika. Mama Ester akauliza kwa sauti kama mbwa naye alirudi nyumbani. Baba akavaa miwani, akatafuta, akasema ndiyo, alirudi. Kanisa likapiga makofi kwa ajili ya mbwa.

Jumatatu nilizirudisha Biblia zote mbili mezani, safari hii moja baada ya nyingine. Mzee Rajabu alinipa mimi ile kazi. Ukitaka kutoa fungu bila kuumiza mengine, usivute uzi. Kata katikati ya mkunjo, fundo kwa fundo, halafu inua fungu lenyewe polepole. Nikaliinua fungu la Tobia. Kwenye ukurasa wa kaburi kufukiwa kulikuwa na alama za kidole gumba pande zote mbili, udongo mwekundu wa shamba la Kumsenga, na alama ziliendelea hadi pale habari inapokwisha.

"Mzee," nikasema, "Baba jana alisoma kwa nguvu."

"Jana?" Mzee Rajabu hakuinua macho. "Binti, udongo huo niliuona siku ile walipogombana hapa. Ulikuwa umeshafika mwisho. Baba yako alikuwa anajua kwamba kijana hafi."

Nikakaa chini. Nikamkumbuka Baba amekumbatia ile Biblia, anamwuliza Katekista kwa sauti ya chini, na anamwambia aje na mwanawe. "Sasa kwa nini aliomba Jumapili?"

Mzee Rajabu akaulowesha uzi mdomoni, akautia kwenye tundu la sindano.

"Fundi hasomi," akasema.

Kawaida yetu, fungu likitoka hufutwa kwanza ndipo lirudi kwa mwenyewe. Nilishika kifutio, nikakiweka chini. Biblia ikaenda Kasulu na udongo wake, na Mzee Gervas akawasomea wachumba wengi kutoka ukurasa uleule, sisi tukiwa wa kwanza. Alipofariki ilikuja kwetu. Iko kabatini, chini ya zile kamusi mbili. Njooni mwione, vijana wangu, simu mziache mlangoni. Na kama mmetoka shambani, msinawe mikono.